Vuli Inayotabirika: Tabianchi, Bahari ya Hindi na Kutojali Kwetu

Kila mafuriko ya vuli yanapopita, kauli mbili hushindana. Ya kwanza huyaita maafa ya asili. Ya pili, ambayo sasa imetawala hotuba na maandiko ya miradi, huyabebesha yote mabadiliko ya tabianchi. Makala hii inazipinga zote, ila ya pili inahitaji kupingwa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ukweli ilio nao ndio unaowapa kinga wenye dhamana.

Kwamba vuli hutawaliwa na bahari kuliko masika, hakuna anayebisha. Tangu Saji na wenzake waandike mwaka 1999, inafahamika kwamba maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto huku ya pwani ya Sumatra yakipoa, mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi Afrika Mashariki. Hali ikigeuka, huja ukame. Ubishi uko kwenye mchango wa binadamu. Wanaoshuku hutaja vuli ya 1961, iliyoanzisha kupanda kwa Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Hoja hiyo ni dhaifu: inaonyesha bahari inaweza nini, haisemi itafanya hivyo mara ngapi. Cai na wenzake (2014) walikadiria kwamba gesijoto zikiendelea kumwagwa kwa wingi, matukio makali ya aina hiyo yatatoka mara moja kila miaka 17 hivi hadi mara moja kila miaka 6. Ni kweli kwamba modeli za namna hii ziliashiria masika yatakayoongezeka wakati vipimo vilionyesha yakipungua, hivyo tahadhari inafaa. Hata hivyo, vuli ya 2019 ilifurika, za 2020, 2021 na 2022 zikaambatana na ukame mkali Pembe ya Afrika, kisha ya 2023 ikafurika tena.

Hiyo ya 2023 ndiyo ushahidi wangu mkuu. Watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliongeza ukali wa mvua zile hadi mara mbili, na kwamba hali ya bahari nayo ilichangia kwa kiwango kinachokaribiana. Wanaotaja matokeo haya huishia hapo. Husahau kwamba mwezi Agosti kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD kilikwisha kutabiri mvua za juu ya wastani kwa sehemu kubwa ya kanda. Oktoba, Rais wa Kenya alisema nchi yake haitapata El Niño bali mvua kubwa tu, kana kwamba maji hujaza mto kwa kufuata jina yalilopewa. Novemba, Mandera na Garissa zilikuwa chini ya maji, na Kenya peke yake ilipoteza watu zaidi ya 100. Msimu unaotangazwa miezi miwili kabla hauwezi kuitwa wa ghafla. Maporomoko ya tope ya Hanang, Tanzania, ya Desemba 3 siyaingizi katika shtaka hili. Mlima ulioporomoka unahitaji uchunguzi wa aina yake.

Itajibiwa kwamba maskini wanaojenga mabondeni hawana pengine pa kuishi. Ni kweli, na ndipo kutojali kunapoonekana waziwazi. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Baadhi ya familia zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na bonde la mto Msimbazi likaendelea kukaliwa, huku misitu ya vilima vya Pugu, unakoanzia mto huo, ikikatwa kwa mkaa. Anayenunua mkaa huo mjini haishi bondeni. Wala bonde halikujazwa na gesi za viwanda vya Ulaya.

Novemba 30, 2023, wakati maji hayajakauka Garissa, mkutano wa tabianchi wa Dubai uliidhinisha utaratibu wa mfuko wa hasara na uharibifu. Nchi zetu zina haki ya kuudai, na zidai bila haya. Lakini dai lisilotenganisha kilichosababishwa na joto la bahari na kilichosababishwa na utabiri uliopuuzwa halitasimama mbele ya mkaguzi makini, na pengine halistahili kusimama.