Mpaka wa Kususia: Siasa na Adabu ya Mjadala katika Makundi ya Kujitolea ya Unguja

Makundi sogozi ya Unguja, yaani makundi ya mazungumzo ya simu yanayowakusanya wakaazi wa mtaa mmoja, waliosoma skuli moja au waliojifunga kuchangiana maziko na matibabu, mara nyingi huanza na sharti linalobandikwa na msimamizi tangu siku ya kwanza: siasa hairuhusiwi. Sharti hilo lina nia njema na lina historia nzito nyuma yake. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba limeuweka mpaka mahali pasipo pake. Jumuiya ya kujitolea, kwa maana ya kundi ambalo wanachama wake hawalipwi wala hawalazimishwi na hufungwa pamoja na kazi waliyoichagua wenyewe, inaweza kustahimili rai za kisiasa zinazopingana, tena kwa ukali. Isichoweza kustahimili ni rai hizo kugeuzwa kipimo cha nani anastahiki huduma ya jumuiya na nani hastahiki.

Kipindi ambacho Wazanzibari hukiita zama za siasa, kilichoanzia uchaguzi wa Julai 1957 na kufikia Mapinduzi ya Januari 12, 1964, kilijaa magazeti, mikutano ya hadhara na mabishano ya barazani baina ya wafuasi wa Chama cha Afro-Shirazi (ASP) na wa ZNP, chama kilichojulikana zaidi kwa jina la Hizbu. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameonesha jinsi lugha ya ubaguzi iliyoandikwa na wasomi katika magazeti ya zama hizo ilivyowatayarisha watu kwa umwagaji damu. Hoja yake ina nguvu, lakini baina ya neno na jiwe palikuwa na hatua ya kati inayostahiki kutazamwa kwa makini zaidi, nayo ni kususia. Watu walisusia maduka ya wapinzani, wenye mashamba wakawafukuza wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao, na majirani wakaacha kuhudhuria maziko ya jirani aliyekuwa na kadi ya chama kingine. Hili la maziko lina uzito wa pekee, kwa sababu katika Uislamu kumwosha, kumsalia na kumzika maiti ni faradhi kifaya, yaani wajibu unaoikabili jamii nzima, ambao wakiutekeleza baadhi ya watu wengine huwa wamesalimika, na usipotekelezwa kabisa wote hubeba dhambi. Anayesusia maziko kwa ajili ya chama anatangaza, hata kama hakukusudia, kwamba jamii iliyokuwa na wajibu huo wa pamoja haipo tena. PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki na Kati ulioundwa Mwanza Septemba 1958, ulivisuluhisha vyama hivyo viwili vya Zanzibar na kuviweka katika Kamati ya Uhuru moja. Utulivu ukarudi kwa muda, kisha ukavunjika. Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP ilipata kiti cha Chake Chake kwa kura moja tu, na ghasia za uchaguzi wa Juni mwaka huohuo ziliua watu 68.

Pamoja na historia hiyo, baraza halikufa. Neno hili linataja kibaraza cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, na papo hapo linawataja watu wanaokaa juu yake. Katika Mji Mkongwe, Jaws Corner ni mfano unaojulikana: hunywewa kahawa, huchezwa dhumna na bao, na siasa huzungumzwa bila kificho. Mjadala wa hapo unazuiliwa na mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Mzungumzaji anauona uso wa anayemjibu. Mzee akikohoa, kijana anajua kwamba amevuka. Aliyekasirika huinuka, akaenda kusali, akarudi na salamu mpya, na salamu hiyo huitikiwa. Hata fumbo lina kazi yake hapo, kwa kuwa humwachia aliyelengwa nafasi ya kujifanya hakulisikia, na hivyo akabaki na heshima yake.

Kundi sogozi limeirithi kazi ya baraza bila ya kurithi vizuizi vyake. Ukimya wa mwanachama haujulikani kama ni wa kuudhika, wa kukubali au wa simu kuisha chaji. Fumbo likisambazwa kwenye kundi jingine hupoteza uso wa aliyelisema na hubaki kuwa tusi. Anayetoka hujulikana mara moja kwa msimamizi, na kurudi kwake mara nyingi kunahitaji ruhusa ya msimamizi huyo, jambo ambalo kwa mtu mwenye staha ni zito kuliko kulivuka tena baraza la jirani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imeufanya uchapishaji wa habari za uongo kwa njia ya kompyuta kuwa jinai, na kwa hiyo mabishano ya majirani yanaweza kugeuka ushahidi. Hofu ya wasimamizi, kwa hali hiyo, si ya kudharauliwa.

Hata hivyo, kuipiga marufuku siasa hakuiondoi. Kunamkabidhi mtu mmoja mamlaka ya kuamua siasa ni ipi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, swali la nani alipaswa kulitunza lilikuwa swali la urithi, la uhandisi na la serikali kwa wakati mmoja. Kundi la wapenda Mji Mkongwe lisiloruhusu swali hilo kwa sababu ni siasa litakuwa limejizuia kufanya kazi lililoundwa kuifanya, na wanachama wake wataona, kwa haki kabisa, kwamba ukimya nao una upande.

Ushahidi wa njia nyingine unapatikana katika Maridhiano, yaani mapatano ya vyama hasimu vya Zanzibar. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Novemba 5, 2009, na katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi mitatu baadaye Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, tofauti ndogo mno ya aina iliyokuwa imezaa uhasama miaka 15 nyuma, lakini safari hii matokeo yalipokelewa kwa utulivu. Wazanzibari hawakuwa wamepunguza siasa; walikuwa wamehakikishiwa kwamba atakayeshindwa hatatolewa nje. Uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa Oktoba 28, 2015 hakikisho hilo lilivunjika, na uchungu ukarudi.

Sharti linalofaa kwa makundi ya kujitolea, kwa hiyo, lingekataza mambo mawili kwa uwazi: kumtaja mwanachama kwa asili yake, iwe ya kisiwa, ya rangi au ya kabila, kwa nia ya kumtoa katika uenyeji, na kumnyima mtu mchango, taarifa au msaada wa kundi kwa sababu ya rai yake. Hayo yakivukwa, hatua ichukuliwe na watu watatu au wanne wanaoaminika na pande zote badala ya msimamizi mmoja, naye aliyeondolewa ajue siku ya kurudi. Mengine yote yajadiliwe, ikiwezekana katika kundi la pembeni, ili taarifa za kazi zisizame katika mabishano. Mpangilio huo si mgeni: Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na inayoandikwa na watu wa kujitolea, huipa kila makala ukurasa wake wa majadiliano, ambako wahariri hubishana bila ya kuivuruga makala yenyewe.

Kielelezo cha lugha isiyompima mtu kwa chama chake kimekuwapo Unguja kabla ya simu, katika matangazo ya vifo yanayosomwa redioni na ambayo sasa husambazwa kwenye makundi. Tanzia hutaja jina la marehemu, watoto na ndugu zake, nyumba ilipo maiti, msikiti na saa ya kusaliwa, kisha mahali pa kuzikwa, pengine makaburi ya Mwanakwerekwe, pengine shamba. Chama cha marehemu hakimo, ingawa mtaa mzima unakijua.