Waata walijua kusoma porini, sisi tukawaita majangili

Hebu niwaulize, mwindaji anageuka jangili lini?

Kabla Tsavo ifanywe mbuga mwaka 1948, Waata walikuwa wakiwinda ndovu huko kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu. Lakini manze, kazi yenyewe ilianza kabla ya mshale. Mtu anatembea akisoma chini. Ukubwa wa wayo unamwonyesha umri wa ndovu. Kingo za alama bado ni kali? Amepita sasa hivi. Wadudu washapita juu yake? Umechelewa. Kinyesi kina joto? Tawi lililovunjika bado ni bichi? Hiyo ni shule, na mwalimu ni baba.

Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ikawasaka, wengi wakafungwa. Mwaka 1977 Kenya huru ikapiga uwindaji marufuku. Na bado ndovu wakazidi kuuawa, safari hii kwa bunduki.

Sitetei kuua ndovu. Nasema tulifunga watu, na elimu yao ikapotelea hapo. Kama uko na babu anayejua kusoma nyayo, kaa naye, mrekodi. Simu si unayo?