Majina Yasiyo na Jiwe



Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Viongozi huweka mkuki na ngao, upinde na mshale, na shada la maua mbele ya mnara. Sisi wa Shinyanga na Geita huitazama siku hiyo kwa mbali, kana kwamba vita vilipita kwa jirani. Sivyo.

Mwaka 1916 majeshi mawili yalipita katika ardhi yetu kuelekea Tabora. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza mwezi Julai, wakashuka kusini kwa njia ya Shinyanga. Wabelgiji kutoka Kongo walipitia Biharamulo na Ushirombo, misheni ya mwaka 1891 ambayo wakati huo iliitwa Mariahilf, nao ndio walioingia Tabora kwanza, tarehe 19 Septemba. Chakula na risasi vilibebwa vichwani mwa watu. Katika vita vya Afrika Mashariki, upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi zaidi ya milioni moja, na waliouawa na njaa, kuhara na malaria ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Makaburi yao yako wapi? Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini haitaji jina la mtu. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Vurugu za vita si sababu pekee. Wakubwa wa wakati ule waliona kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina lake. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Radhi ilikuja baada ya miaka mia moja, wakati hata mjukuu wa mpagazi amekwisha kuzikwa.

Vita vya Kagera ni habari nyingine, maana hapo bado tunao mashahidi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa tutapigana tarehe 2 Novemba, siku ambayo Kanisa huwaombea marehemu wote. Mgambo wengi waliitwa kutoka vijijini. Pale Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari zaidi ya 400, na majina yao yameandikwa kwenye mnara mweupe. Huo ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu mama akifika pale anaweza kumwonyesha mtoto kwa kidole: huyu ni babu yako.

Lakini jiwe nalo hufa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na makaburi ya kabla ya 1863. Ya baadaye husubiri tamko la serikali. Kaburi la 1916 basi halina mlinzi ila majirani zake, na katika nchi ya dhahabu, ambako shimo huchimbwa popote penye tetesi, ulinzi huo ni mdogo. Hata wenye nia njema huharibu. Hupaka rangi ya mafuta juu ya herufi, au huziba nyufa za chokaa kwa saruji ngumu inayofungia maji ndani mpaka jiwe linapasuka. Kwanza pigeni picha na kunakili maandishi yote. Kisha maji safi na brashi laini vinatosha.

Yuda Makabayo, baada ya kuwazika askari wake, alichanga drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu kwa ajili yao. Sisi siombi fedha. Naomba kila jumuiya ndogo ndogo iwe na daftari moja: jina la aliyekwenda vitani, kijiji chake, mwaka, na kama alirudi. Daftari hizo zisomwe kanisani tarehe 2 Novemba. Anzeni na wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Kagera inavamiwa alizaliwa mwaka 1958.