Opera ya kale iliyookolewa na wanafunzi wa vyuo vikuu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukumbi wa opera ya Kunqu nchini China ulikuwa na watazamaji wengi wazee. Vijana walikuwa na sinema na televisheni. Wazee wale wakiondoka, nani angeketi kwenye viti?

Kunqu ni nini?

Ni moja ya aina kongwe za opera zinazochezwa China hadi leo. Asili yake ni Kunshan, karibu na mji wa Suzhou. Uimbaji wake ni wa taratibu, na filimbi ya mwanzi ndiyo inayouongoza.

Mwaka 2001 UNESCO iliitambua kama hazina ya binadamu. Lakini cheti hakijazi ukumbi.

Nani aliipeleka chuoni?

Ni mwandishi Pai Hsien-yung, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Alichagua *Mudan Ting*, tamthilia ya Tang Xianzu ya mwaka 1598.

Kisa chenyewe kiko hivi: binti Du Liniang anamuota kijana bustanini, anampenda, anakufa kwa kumtamani, kisha mapenzi yanamrudisha duniani.

Nini kilibadilika?

Maonyesho 55 ya asili yalipunguzwa hadi 27, yakagawanywa kwa usiku tatu, jumla ya saa 9 hivi. Taa na mavazi vilifanywa upya.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwa waigizaji. Kwa kawaida nyota wa makamo ndiye aliyecheza binti wa miaka 16. Safari hii walichaguliwa vijana, Shen Fengying na Yu Jiulin, wakanolewa na magwiji Zhang Jiqing na Wang Shiyu. Kwanza walipiga magoti kuomba uanafunzi, kama desturi inavyotaka.

Uimbaji na ishara za mwili vilibaki vya kale.

Mgeni ataelewaje?

Maneno ya 1598 ni magumu hata kwa Mchina wa leo, hivyo huonyeshwa kwenye skrini pembeni. Pai pia alitoa mihadhara vyuoni. Mambo machache ya kujua kabla hujaketi:

- Jukwaa huwa karibu tupu. Meza moja na viti viwili vinaweza kuwa chumba au hata mlima.
- Mwigizaji akishika kasia, yumo ndani ya mashua. Akishika mjeledi, amepanda farasi.
- Akizunguka jukwaa mara moja, amesafiri mbali.
- Mikono mirefu ya nguo nyeupe nayo inazungumza: huonyesha haya, huzuni au hasira.

Matokeo yake

Onyesho lilizinduliwa Taipei mwaka 2004, kisha likazunguka vyuo vikuu vya China. Mwaka 2006 lilifika kampasi nne za Chuo Kikuu cha California.

Baadaye Kunqu ikawa somo katika Chuo Kikuu cha Peking. Na mwaka 2018 wanafunzi wa vyuo vya Beijing walipanda jukwaani wenyewe kuicheza *Mudan Ting*.

Kumbe vijana hawakuhitaji opera iliyorahisishwa. Walihitaji mtu wa kuwafungulia mlango, na sura za rika lao jukwaani.