Kigae cha Gede na Kipande cha Nyama

Msomaji, yamkini umepata kuzuru magofu ya Gede. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, alisoma habari za mji ule katika vigae: kipande kidogo cha sahani ya Kichina kilitosha kumweleza karne na biashara yake. Madaktari nao husoma vivyo hivyo, ila kigae chao ni nyama ya mgonjwa.

Nyama hiyo hugandishwa katika nta, ikakatwa tando nyembamba hata tando 200 zikipangwa pamoja hazifikii milimita moja. Utando hutandazwa juu ya kioo, ukatiwa rangi, ukatazamwa kwa hadubini. Zamani, aliyetaka shauri la bingwa wa mbali hakuwa na budi kumpelekea kioo au nyama yenyewe.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata aliandika habari za saratani hiyo, ambayo hupatikana zaidi penye malaria nyingi. Na pwani yetu imo. Machi 1961 alihutubia London, na Anthony Epstein akamsikia. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vikisafiri kwa ndege kutoka Uganda. Miaka ikapita, Epstein asione kitu. Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege, ikatua Manchester. Kichupa kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yametibuka, na mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Yeye aliyatia chini ya hadubini: kumbe chembe za uvimbe zilikuwa zikielea, zi hai! Jambo hilo lilimwonyesha njia ya kuzikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya kilichoonekana ndani yake.

Leo picha husafiri badala ya nyama. Mwaka 1999, huko Marekani, Wetzel na Gilbertson walitengeneza skana iliyoweza kupiga picha kioo kizima kwa haraka, sehemu kwa sehemu, na programu ikaziunganisha. Picha moja huwa na nukta mabilioni, nayo huweza kutazamwa Kampala na London siku ile ile. Si jambo dogo, kwani uvimbe wa Burkitt huweza kukua maradufu kwa siku mbili tu, na mtoto akitibiwa mapema huweza kupona.

Hata hivyo, kioo kilichotiwa rangi vibaya hutoa picha mbaya, ijapo skana ni ya thamani kubwa. Mimi ningemtafuta kwanza fundi hodari wa kukata tando, ndipo ninunue mashine. Wala picha isingalimfaa Epstein: alihitaji chembe zenyewe, zilizobanduka kwa kutikiswa ndani ya kichupa njiani.