Mario Bava: Mtaliano Aliyetisha Dunia na Mawe Mawili

Kama unapenda filamu za kutisha na hujawahi skia jina Mario Bava, tulia hapa kidogo. Huyu mzee hakuwa na doo ya Hollywood, lakini mbinu zake bado zinaibwa hadi leo. Na kwa wasee wa Tabaka, kule Kisii, ambako familia nyingi zinakula kwa kuchonga mawe, stori yake iko karibu sana na nyumbani.

Bava ni nani?

Alizaliwa Sanremo, Italia, tarehe 31 Julai 1914, akafariki Roma mwezi wa Aprili 1980. Babake, Eugenio, alikuwa mchongaji wa sanamu kabla ya kuingia kwa kazi ya kamera. Mario naye alishika kamera miaka mingi akifanyia wengine kazi. Alikuwa na miaka 46 ndio filamu iliyomjenga jina kama dairekta, La maschera del demonio, ikatoka mwaka wa 1960. Uingereza waliipiga marufuku hadi 1968.

Ujanja wake

Sura inayozeeka: Kwa I Vampiri (1957), mrembo anazeeka mbele ya macho yako bila picha kukatwa. Siri? Mistari myekundu ya mekapu. Filamu ni nyeusi na nyeupe, kwa hivyo chini ya mwanga mwekundu mistari haionekani. Badilisha mwanga uwe wa kijani, inaibuka kama makunyanzi. Hata simu yako inaweza hii.

Mawe mawili: Kwa Terrore nello spazio (1965) alihitaji sayari nzima. Alichopewa ni mawe mawili ya plastiki. Akaweka vioo, moshi na taa za rangi, na mawe mawili yakawa mengi. Wapenzi wa filamu wengi huona alama zake ndani ya Alien ya 1979.

Kigari cha mtoto: Kwa Reazione a catena (1971) hakukuwa na mitambo ya kusukuma kamera. Akatumia kigari cha kuchezea watoto. Akina Friday the 13th walikuja kufuata njia hiyo hiyo.

Na ile bendi, Black Sabbath? Jina lilitoka kwa filamu yake ya 1963.

Tabaka iko na nini?

Bava alikuwa na mawe mawili ya uongo. Tabaka iko na machimbo ya ukweli, pamoja na watu wanaotoa uso kwa jiwe kwa panga na kisu, kisha wanalisugua na msasa na maji hadi ling'ae. Kinyago, fuvu, mkono uliokatwa: vitu ambavyo dairekta wa Nairobi angelipia, mtaani kwenu ni kazi ya siku chache. Lakini usirushe vumbi la jiwe kama moshi wa filamu. Hilo linaharibu mapafu.

Chunga unayemfanya jini

La maschera inaanza na mwanamke anayeitwa mchawi. Anapigiliwa kinyago cha misumari usoni, halafu wanataka kumchoma. Kwa Mtaliano, hiyo ni hadithi ya kale. Kisii si hadithi. Oktoba 2021, wamama wanne wazee waliuawa Marani, kaunti hii hii, kwa kushukiwa uchawi.

Kwa hivyo ukishuti yako, usimpe shosho wa jirani sura ya mchawi. Clip inasambaa kwa WhatsApp, na kesho kuna msee ataamini. Kama unataka kutisha watu, elekeza kamera kwa umati: nyuso unazozijua mchana, usiku zimebeba viberiti. Hapo hata mekapu hauhitaji.

Uanze na ipi?

Anza na La maschera, ukiwa umezima taa. Fuata na Terrore nello spazio na ujaribu kuhesabu mawe. Reazione a catena iache mwisho, na usiiangalie na watoto, maana watu 13 wanakufa humo na Bava hafichi chochote.