Posho na marupurupu

Posho ya safari ni fedha za kujikimu anazolipwa mfanyakazi kwa kila siku anayokuwa kazini nje ya kituo chake. Asili yake ni chakula: nafaka waliyopimiwa wapagazi na askari. Uganda, posho ni ugali hadi leo. Nchini Kenya, muuguzi wa Mambrui akipelekwa Mombasa kwa mafunzo hustahili posho. Marupurupu ya nyumba ni mengine, nayo huja kila mwezi pamoja na mshahara, asafiri asisafiri. Kuyachanganya kunamuumiza mfanyakazi, kwani marupurupu ya nyumba hutozwa kodi pamoja na mshahara, ilhali posho ya safari, tangu Julai 2025, haitozwi hadi shilingi 10,000 kwa siku.